Mashine gani za kununua ili mbao ghafi zitoke zimenyooka na zenye unene mmoja?

fundi_kihonda:
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa mashine.

Karakana ipo Morogoro. Kazi ni milango ya fremu na paneli, vitanda na kabati za jikoni. Mbao zinazoingia ni paini ya Mafinga, 1x8 na 2x6 kwa inchi, nyingi zimepasuliwa kwa dingdong (mashine ndogo ya kupasulia magogo), kwa hiyo mbao moja unakuta mwanzo ina milimita 28 na mwisho ina 22. Pia mninga wa Tabora, vipande vya futi 7, vingine vina upana wa inchi 10. Kwa sasa zinapelekwa kwenye mashine ya kulipia. Zinarudi laini na zina unene unaolingana, lakini mlango ukishaunganishwa kona moja inainuka, na topu za meza zikigundishwa zinabaki na mwanya katikati.

Umeme ni wa njia moja. Saketi ya karakana ni amp 32, na kutoka kwenye mita hadi mashine zitakapokaa ni kama mita 30. Bajeti ni milioni 6 kwa kuanzia. Nilikuwa nimelenga thiknesa (mashine ya kuranda mbao iwe na unene mmoja) peke yake, kisha msumeno wa meza baadaye. Je, ni sahihi? Au kombaini moja yenye kila kitu?

---

randa_na_guni:
Mkuu, tatizo lako liko kwenye hatua inayorukwa, na thiknesa peke yake haitaliondoa. Mbao zako zinarandwa bila kunyooshwa.

Thiknesa inafanya kazi moja tu: upande wa juu inaufanya uwe sambamba na upande wa chini. Rola zake za kuvuta zina springi zinazokandamiza mbao kwenye meza. Mbao iliyojisokota ikiingia, rola zinaibana hadi inalala, visu vinakata, na ikitoka upande wa pili inarudi kwenye umbo lake. Unapata mbao laini, unene mmoja kila mahali, na bado imejisokota. Ukitaka kuhakikisha, chukua mbao iliyorudi kutoka kwenye mashine ya kulipia, iweke juu ya meza ya msumeno au kioo kinene, kisha bonyeza kona moja moja. Ikicheza, hapo ndipo tatizo la mlango wako lilipo.

Mpangilio wa kazi ni huu, na mashine zinachaguliwa kufuata mpangilio, si kinyume chake:

Kwanza kata urefu wa awali ukiacha sentimita 5 hadi 10 za ziada. Mbao ya futi 12 iliyoinama milimita 12 ukiikata vipande viwili, kila kipande kinabaki na karibu robo tu ya mwinamo ule, milimita 3. Usinyooshe mbao ndefu kama unahitaji vipande vifupi, utageuza nusu ya mbao kuwa maranda.

Pili, jointa, yaani mashine ya kunyooshea. Upande mpana mmoja unyooke. Weka upande uliozama chini ili mbao ikae kwa ncha zake mbili na isibembee. Baada ya hapo geuza, upande ulionyooka uegemee kwenye fensi (ukuta wa kuongozea mbao), unyooshe ukingo mmoja uwe nyuzi 90. Sasa una kona moja ya kuaminika.

Tatu ndiyo thiknesa, upande ulionyooka ukiwa chini. Nne, msumeno wa meza, ukingo ulionyooka ukiegemea fensi, unakata upana. Mwisho unakata urefu kamili.

Kwa hiyo mashine ya kwanza unayoikosa ni jointa. Kwenye jointa tazama vitu viwili. Urefu wa meza zote mbili ukijumlishwa unakupa kazi nzuri kwa mbao ya karibu mara mbili ya urefu huo. Fremu ya mlango ni mita 2.1, hivyo meza ya jumla ya mita 1.2 hadi 1.4 inatosha. Zile ndogo za sentimita 75 zinafuata mwinamo wa mbao badala ya kuuondoa. Upana nao: jointa ya inchi 6 haipokei 1x8 yako, na ya inchi 8 inaipokea kwa taabu. Mbao zako zinadai milimita 250 hadi 300. Jointa ya upana huo ikisimama peke yake ni ghali na kubwa, ndiyo maana mashine inayounganisha jointa na thiknesa kwenye silinda moja ya visu inakufaa. Unafunua meza za juu, unainua meza ya thiknesa, unaendelea.

Kombaini yenye msumeno, kinu cha kutobolea na vingine vyote mimi nisingeichukua. Kila ukihama kutoka kuranda kwenda kupasua unasogeza fensi na kuvua gadi (kinga ya visu na diski), na fundi mwenye haraka mwishowe anaacha gadi chini kabisa.

---

mota_na_waya:
Kabla ya kulipia mashine, piga hesabu ya waya. Mota ya njia moja ya kilowati 2.2, yaani hospawa 3, hula karibu amp 13 hadi 14 ikiwa kazini. Wakati wa kuwaka inavuta mara 5 hadi 7 ya hapo kwa muda mfupi. Chukua amp 75 kama mfano.

Umbali wako ni mita 30, lakini umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za shaba. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5 upinzani ni karibu omu 0.73, na wakati wa kuwaka unapoteza volti zaidi ya 50. Waya wa 2.5 unapoteza kama 33. Waya wa 4 unapoteza kama 21. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka inashuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwa waya wa 1.5 mota inaanza ikiwa na nusu ya nguvu na zaidi kidogo, inanguruma, kapasita inachemka, koili inaungua, halafu mashine ndiyo inayolaumiwa. Weka waya wa 4 hadi kwenye soketi ya viwandani ya amp 32, na wa 6 kama siku moja utawasha kifyonza vumbi pamoja na mashine. Breka iwe ya aina C. Aina B inaweza kukatika unapowasha.

Ukikuta mashine nzuri iliyotumika yenye mota ya njia tatu, usiikimbie. Soma kibati cha mota. Kikisema 230/400 kwa muunganiko wa delta na nyota (njia mbili za kuunganisha koili za mota), unaunganisha delta na kuilisha kwa invata ya mota inayopokea njia moja ya volti 230 na kutoa njia tatu za volti 230. Kikisema 400/690, invata ya aina hiyo haitaipa nguvu yake kamili, achana nayo isipokuwa unabadili mota. Invata moja mota moja, na swichi isikae kati ya invata na mota. Na kabla hujafunga mkanda, washa mota peke yake uone inazunguka upande gani. Ikiwa kinyume, badilisha nyaya mbili kati ya tatu za upande wa mota.

---

paini_msindano:
Nakubaliana na randa_na_guni kuhusu mpangilio, lakini kwa milioni 6 na umeme wa njia moja napendekeza njia nyingine: thiknesa ndogo ya mezani, msumeno wa meza ulio imara, na kibao cha kubebea.

Thiknesa kama Makita 2012NB ina upana wa milimita 304 na visu viwili, DeWalt DW735 ina milimita 330, visu vitatu na kasi mbili za kuvuta. Zote zinachukua 1x8 yako na hata mninga wa inchi 10 bila kupunguza upana. Mota zake ni za brashi za kaboni, haziogopi kuwaka kama mota ya kapasita, ila kaboni uzikague na uwe na za akiba.

Kibao cha kubebea ndicho kinachofanya kazi ya jointa. Gundisha plaiwudi mbili za milimita 18 juu ya uso ulionyooka kabisa, upana sentimita 28, urefu mita 2.3. Kichwani na mkiani piga kipande chembamba cha kuzuia mbao isiteleze, kiwe chini ya unene wa mwisho wa mbao. Weka mbao juu, tafuta kona zinazocheza, chomeka kabari nyembamba chini yake na uzishike kwa gundi ya moto. Usisahau katikati, kwa sababu rola zikifika pale pasipo na kabari zitaikandamiza, na mwinamo utarudi. Pitisha kibao na mbao yake, nusu milimita hadi milimita moja kwa pasi, hadi upande wa juu wote uguswe na visu. Ondoa kabari, geuza mbao, endelea bila kibao.

Ukingo: piga skrubu mbao kwenye kipande cha plaiwudi chenye ukingo ulionyooka, pitisha kwenye msumeno wa meza plaiwudi ikiegemea fensi. Hapo umepata ukingo bila jointa. Kwa kupasua tumia diski ya meno 24 hadi 30. Ya meno 60 inachoma mninga na inajaa utomvu wa paini.

Kasoro: ni polepole. Kwa milango michache kwa wiki inatosha. Kwa milango ya nyumba nzima kila wiki, utachoka kukata kabari. Kelele nayo ni kubwa, vaa vizibo vya masikio.

---

fundi_kihonda:
Shukrani sana. Milango kwa wiki ni 6 hadi 10, hivyo kibao cha kubebea naona kitanichelewesha. Nimeelewa kwamba bila jointa sitoki. Maswali mawili zaidi. Mninga hata kwenye mashine ya kulipia unachimbika, vishimo vya nyuzi zilizong'oka, hasa zile mbao pana. Ni visu au ni mbao? Na paini hata ikitoka imenyooka, baada ya siku chache inapinda tena.

---

mbao_kavu:
Nijibu la paini, kwa sababu hakuna mashine itakayokusaidia mbao ikiwa mbichi.

Paini nyingi kutoka Mafinga inapakiwa muda mfupi baada ya kupasuliwa. Mbao hubadilisha maji na hewa hadi ilingane nayo. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 80 huituliza mbao kwenye karibu asilimia 16 ya maji. Hewa ya asilimia 60, kwenye karibu 11. Ukiiranda ikiwa na 25, inaendelea kukauka baada ya kunyooshwa, na inasinyaa zaidi kufuata pete za ukuaji kuliko kuzikatiza, ndiyo maana inapinda.

Usiamini kidole. Nunua kipima unyevu cha sindano, na usichome sindano kwenye uso wa nje tu. Kata kipande sentimita 30 kutoka mwisho wa mbao na upime kwenye uso mpya wa ndani. Kama huna kipima, kata kipande kidogo, kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena. Kama kilikuwa gramu 250 kikabaki 208, tofauti ni 42, gawanya kwa 208: asilimia 20. Bado mbichi kwa mlango. Lenga 12 hadi 14 kwa milango ya Morogoro.

Panga mbao chini ya paa, juu ya matofali sentimita 40 kutoka ardhini, kila safu itengwe kwa vijiti vikavu vya milimita 25 kila baada ya sentimita 60, na vijiti vya safu zote vikae mstari mmoja wima. Kijiti kikihama sentimita 20, mbao itachukua umbo la kosa hilo. Paka rangi nzito kwenye ncha zisipasuke. Weka uzito juu.

Halafu randa kwa hatua mbili. Siku ya kwanza nyoosha na uache milimita 3 juu ya unene wa mwisho, zisimamishe mbao zipate hewa pande zote kwa siku kadhaa, ndipo umalizie. Unapotoa unene, toa karibu sawa pande zote mbili. Ukila milimita 5 upande mmoja tu, unafungua tabaka la ndani lenye maji mengi kuliko la nje, na mbao inajikunja usiku huohuo.

---

randa_na_guni:
Kuhusu mninga: ni vyote viwili. Nyuzi zake mara nyingi zinapishana, sehemu moja zinaelekea mbele na sehemu jirani zinaelekea nyuma, kwa hiyo hakuna upande wa kuingiza utakaofaa mbao nzima. Unachoweza kutawala ni ukubwa wa mkato.

Fanya hesabu hii kwa mashine yoyote unayotaka kununua: zidisha mizunguko kwa dakika kwa idadi ya visu, kisha gawanya kwa kasi ya kuvuta kwa milimita. Silinda ya mizunguko 5,000 yenye visu 3 ni mikato 15,000 kwa dakika. Ikivuta mita 6 kwa dakika, ni mikato 2.5 kwa kila milimita. Hiyo ni nzuri. Mashine hiyohiyo ikivuta mita 12 inabaki 1.25, na kwa mninga utaona mawimbi na mashimo. Mashine za kulipia hupenda mwendo wa haraka kwa sababu wanahesabu futi.

Pasi za mwisho zisizidi nusu milimita, visu vikiwa vimetoka kunolewa. Mafundi wanaoranda mninga na mkongo kila siku hunoa visu kwa mtelemko mdogo wa nyuzi 10 hadi 15 upande wa mbele wa kisu. Kisu kinakwangua zaidi kuliko kuinua nyuzi. Mota inafanya kazi zaidi, kwa hiyo pasi ziwe nyembamba. Silinda ya vijisu vingi vya mraba vya kabaidi ndiyo dawa kamili, na kijisu kikiharibika unakizungusha, lakini bei yake inapandisha mashine sana. Ukipata mashine ambayo silinda hiyo inaweza kuwekwa baadaye, chukua hiyo.

Tahadhari moja: ukianza kuchukua mvule, ndani yake mara nyingine mna mawe ya chokaa yaliyojificha. Hayaonekani kwa nje, na jiwe moja linamega visu vyote vitatu. Msaji nao una mchanga wake unaomaliza makali upesi. Weka seti ya pili ya visu tayari. Vumbi la mninga na mvule linawasha kifua na ngozi, barakoa ya FFP2 ni ya lazima, kitambaa hakitoshi.

---

mota_na_waya:
Kwa milango 6 hadi 10, basi: jointa-thiknesa ya milimita 260 hadi 310, mota ya kilowati 2.2 ya njia moja, na msumeno wa meza wa diski ya inchi 10. Msumeno uwe na kisu cha nyuma kinachopanda na kushuka pamoja na diski. Kisu hicho kinazuia mbao iliyobana isikamate meno ya nyuma na kurushwa tumboni kwako. Wasiokijua hukitoa siku ya kwanza.

---

paini_msindano:
Na kama bajeti inabana, jointa-thiknesa ianze, msumeno wa meza usubiri. Kupasua upana unaweza kwa msumeno wa mkono wa mviringo na reli kwa muda, kisha ukingo unapitisha kwenye jointa. Kunyoosha upana wa mbao hakuna njia ya mkato kama hiyo kwa wingi huo.

---

fundi_kihonda:
Nimeona moja iliyotumika, ya chuma cha kumimina, milimita 300. Kabla sijalipa nikague nini?

---

randa_na_guni:
Nenda na rula ya chuma ya mita 1, guni (kipimo cha nyuzi 90), vipimo vyembamba vya kupenya mwanya, na mbao zako mwenyewe mbili za mita 1.2.

Chomoa umeme kwanza. Weka rula kwenye meza moja, kisha kwenye meza zote mbili zikiwa zimeshushwa sawa, kwa urefu na kwa mshazari. Mwanya wa milimita 0.1 hadi 0.15 unavumilika, wa 0.5 mwachie mwenyewe. Meza iliyolegea kwenye mteremko wake huinuka ukiishika mwisho na kuivuta juu. Skrubu za kubana zinaweza kurekebisha, lakini chuma kikiwa kimelika hazisaidii.

Zungusha silinda kwa mkono. Biaringi nzuri inazunguka bila kukwaruza, na ukiisukuma silinda juu na chini haichezi. Fungua boliti za kabari za visu. Kama ziko mviringo kwa kufunguliwa na spana mbovu, au nyuzi za ndani zimekwisha, usinunue. Kisu kinachotoka kwenye silinda ya mizunguko 5,000 hakina gadi ya kukizuia.

Weka kipande cha mbao kilichonyooka juu ya meza ya kutolea, kivuke silinda, zungusha kwa mkono. Kisu kikibebe mbele kama milimita 3, na umbali uwe uleule kulia, katikati na kushoto. Meza ya kutolea ikiwa juu ya visu, mbao inakwama au inatoka na umbo la kabari. Ikiwa chini, mwisho wa mbao unang'atwa sentimita chache za mwisho.

Sasa iwashe iende dakika 15. Gusa nyumba ya biaringi: vuguvugu sawa, isiyoshikika hapana. Nyoosha ukingo mmoja wa kila mbao yako, unganisha kingo hizo mbili, zielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipita katikati au mwishoni, rudia baada ya kurekebisha meza. Ukiendelea kupita, meza zimepinda. Upande wa thiknesa, pitisha mbao na upime unene kwenye kona nne. Tofauti ya kulia na kushoto hurekebishwa, ila mbao ikikwama hadi uisukume, rola zimeisha au zimeganda utomvu. Zifute na mafuta ya taa, kausha, ujaribu tena mbele ya mwenye mashine.

Uliza pia kama gadi ya daraja inayofunika silinda ipo. Mara nyingi imepotea, na kutengeneza nyingine si kazi ngumu, ila iwe imepatikana kabla ya kazi ya kwanza. Kipande kilicho chini ya sentimita 30 kisipite juu ya jointa, glavu zisivaliwe, na mbao isukumwe kwa vibao vya kusukumia.

---

mbao_kavu:
Nyongeza ya maranda: mashine ya upana huo inajaza gunia haraka, na maranda yakibaki ndani, rola inayakandamiza kwenye mbao na kuacha alama ndogondogo. Bomba la kifyonza liwe la milimita 100, lisipunguzwe njiani. Wafugaji wa kuku watakuja kuyachukua. Wape ya paini isiyotiwa dawa tu. Mbao za kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki. Maranda yake yasiende kwenye banda wala jikoni kuwashia moto.